Nimenunua vifaa vya zamani vya kujazia risasi: umri wake nitaujuaje, na kipi cha kutupa?

Swala wa Kaskazini (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Niko Minnesota, na kila Novemba huwa naingia porini kuwinda kulungu kama watu wa huku. Mjane wa mtaani kwetu kauza vitu vya marehemu mumewe, nami nimebeba sanduku zima la vifaa vya kujazia risasi (kutengeneza upya risasi kwa ganda lililokwishapigwa) kwa bei ya kutupa. Hakuna anayejua mzee alivinunua lini.

Kuna presi ya Herter's, nzito ajabu, pamoja na kalibu (vyuma vya kurudishia ganda umbo lake) za risasi za .30-06. Kuna mkebe wa bati wa baruti ya IMR 4895 wenye nembo ya DuPont, haujafunguliwa. Mkebe wa Hercules 2400, nusu. Chupa ya glasi yenye baruti, juu imeandikwa "4831" kwa kalamu, basi. Fataki (vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti) za Winchester zenye namba 8½-120, na boksi za Remington ambazo fataki zake zimepangwa kwenye vibao vya mbao. Halafu mfuko wa maganda matupu yenye mihuri kitakoni: FA 42, TW 4, LC 54, na machache ya .45 yenye EC 43.

Nataka kujua umri wa kila kitu, na kipi naweza kutumia. Wale wa "achana na bunduki" naomba wapite tu, leseni ya kuwinda ninayo.

Ngoja Waje

Nimeshakaa siti ya mbele. Wajuzi shukeni.

Wakili Mlalahoi

Kabla hatujafika mbali, hili ni kwa wanaosoma kimya kimya. Sheria ya shirikisho ya Marekani inapotaja "risasi" haimaanishi risasi kamili peke yake. Ganda, fataki, kichwa cha risasi na baruti ya bunduki, kila kimoja kinahesabika. Kwa hiyo wewe uliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi, kukaa na boksi la fataki chumbani ni kosa sawa na kukaa na risasi zenyewe, isipokuwa uwe ndani ya zile ruhusa maalumu, mojawapo ikiwa kuwa na kibali halali cha kuwinda. Mwenye grini kadi na raia hawana shida hiyo, ila majimbo nayo yana sheria zake. Nimeona vijana wa chuo wananunua vitu hivi minadani kwa sababu havifanani na silaha. Tahadhari.

Na kwa walioko nyumbani: Tanzania na Kenya usijaribu kabisa. Risasi unanunua kwa leseni yako na zinaandikwa. Kujijazia sebuleni ni kesi.

Swala wa Kaskazini

Asante wakili. Mimi nina grini kadi, niko salama hapo.

Mzee wa Mizani

Mwanangu, nimekuwa Montana muda mrefu na nimejaza risasi zangu mwenyewe tangu nilipofika, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu. Vumilia.

Kwanza tenganisha umri na uzima. Mkebe utakwambia ulitengenezwa lini, hautakwambia ulikaa wapi. Baruti ya 1955 iliyowekwa chini ya nyumba penye ubaridi na ukavu inaweza kuwa nzima mpaka leo, na ya 2005 iliyopikwa kwenye gereji ya Arizona ikawa imekwisha kazi. Watu wanaohangaika na mwaka tu wanahangaika na nusu ya swali. Mimi nikiletewa mkebe wa zamani nauliza uliwekwa wapi, kisha naufungua na kunusa.

Ila mwaka nao unatafutika, na kwa sehemu kubwa ni kusoma lebo. Tazama anwani ya kampuni. Zipu za posta za Marekani, yaani namba za eneo kwenye anwani, zilianza Julai 1963. Anwani isiyo na zipu maana yake lebo ilichapishwa kabla ya hapo, au muda mfupi baadaye kampuni ikimalizia lebo za zamani. Tazama kama kuna ile mistari myeusi ya kupitishwa kwenye mashine ya dukani: mistari hiyo ilianza kusomwa madukani mwaka 1974, kwa hiyo mkebe wenye mistari hauwezi kuwa wa zamani kuliko hapo. Kisha jina la kampuni. Hercules ilizaliwa 1912 mahakama ilipoivunja DuPont, na baruti zake zikaanza kuitwa Alliant 1995. Kwa hiyo 2400 yako ina angalau miaka 30. DuPont yenyewe ilijitoa kwenye biashara ya baruti katikati ya miaka ya 1980, IMR ikawa kampuni ya kujitegemea, na 2003 ikanunuliwa na kampuni ya Hodgdon. Nembo ya DuPont juu ya IMR inakwambia mkebe umetangulia mabadiliko hayo. Usisahau kibandiko cha bei cha dukani. Kikiwa na jina la duka na bei ya dola moja na senti, umeshapata muongo bila kuuliza mtu.

Sasa uzima. Baruti isiyo na moshi msingi wake ni nitroselulosi, na nyingine, kama hiyo 2400, zinaongezwa nitrogliserini. Vitu hivi vinaanza kuoza polepole tangu siku vinapotoka kiwandani. Vikioza vinatoa gesi za nitrojeni, gesi inageuka asidi, na asidi inaharakisha kuoza. Ndiyo maana kiwandani wanachanganya kitu cha kuinywa hiyo asidi. Siku kinapoisha, baruti inaoza mbio. Joto ndilo adui mkubwa, kisha unyevu.

Dalili: baruti nzima ina harufu ya spiriti au etha, ya kama duka la rangi. Baruti mbovu inachoma pua, harufu ya asidi. Ukifungua mkebe ukaona moshi mwekundu au wa kahawia, funga, toa nje ya nyumba. Ukiona kutu ndani ya mkebe wa bati, au vumbi jekundu juu ya punje, au punje zimeshikana mabonge, usijadiliane nayo. Baruti nyingi iliyooza inaweza kujiwasha yenyewe, na hapo huihitaji fataki wala kiberiti.

Kuhusu vitu vyako: IMR 4895 ambayo haijafunguliwa, fungua unuse, ikiwa safi, itumie kwa kuanzia kiwango cha chini kabisa cha kitabu cha sasa. 2400 iliyofunguliwa ni suala jingine. Hata ikiwa na harufu nzuri, hujui mzee alirudisha nini mle ndani. Watu wengi humaliza kazi wakamimina baruti iliyobaki kwenye mkebe uliokuwa karibu. Mimi nisingeitumia.

Ile chupa ya glasi, tupa leo. Narudi baadaye kueleza kwa nini namba hiyo 4831 inanitisha kuliko zote.

Kapuku wa Texas

Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye kutupa umezidisha. Baba mkwe wangu ni Mmarekani wa hapa hapa Texas, anatumia baruti ya enzi za Rais Eisenhower, miaka ya 1950, na inapiga kama kawaida. Hawa jamaa wa vitabu wanataka tununue mpya tu. Na tukumbuke mwaka 2020 na 2021 fataki zilivyopotea madukani, boksi la 1,000 lililokuwa dola 30 na kitu likauzwa zaidi ya 100. Wenye vya zamani ndio waliokula nyama.

Mzee wa Mizani

Marahaba. Hatubishani, kaka. Nimesema mwenyewe ya 1955 inaweza kuwa nzima. Baba mkwe wako anajua mkebe wake ulikaa wapi kwa sababu ulikuwa kwake. Huyu mwenzetu hajui. Hiyo ndiyo tofauti.

Na kwa fataki niko upande wako kabisa. Fataki zikikaa pakavu zinadumu kuliko baruti, nimepiga za zamani sana zikawaka zote. Za 8½-120 ni fataki kubwa za raifo, siku hizi Winchester wanaziita WLR. Ni zile zile kwa kazi. Za Remington kwenye vibao vya mbao ni za kabla plastiki haijashika soko. Soma boksi: ukikuta neno Kleanbore, ni fataki zisizoleta kutu, Remington walianza kuziuza 1927. Chukua chache, zipige kwenye ganda tupu bila baruti wala kichwa, masikio yamezibwa. Zikilia sawasawa, tumia kwa mazoezi. Za kuwindia nunua mpya, kulungu hakusubiri.

Sasa 4831. Baada ya Vita vya Pili serikali ilibaki na baruti nyingi mno, na Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua kwa wingi na kuiuza rejareja kwa wajazaji. Ya kwanza ilikuwa 4895, ile iliyokuwa ikijaziwa .30-06 ya jeshi. Baadaye akapata baruti ya mizinga ya milimita 20, ikawa ndiyo H4831, inayoungua polepole. Miaka ya 1970 DuPont nao wakatoa IMR 4831. Namba ile ile, ila inaungua haraka kuliko ya Hodgdon. Mtu akichukua kipimo cha H akaweka IMR, shinikizo linapanda kupita kiasi. Sasa kwenye chupa yako marehemu kaandika namba bila herufi. Ni ipi? Na hata hiyo namba, nani anathibitisha? Glasi yenyewe inapitisha mwanga, nayo si chombo cha baruti.

Kutupa: usimwage chooni wala usitie kwenye pipa la taka. Kiasi kidogo kama hicho watu wanakitawanya kwenye nyasi, tabaka jembamba, mvua inapeleka nitrojeni kwenye mizizi. Ikiwa nyingi au inatoa moshi, piga simu zimamoto, wanajua.

Mwana wa Chongoleani

Wazee, uzi huu una jambo letu la Tanga kabisa. Habari ya kuokoa baruti iliyoharibika iliwahi kufanyika hapa kwetu kwa kiwango cha jeshi zima.

Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, imebeba bunduki na mamilioni ya risasi kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuipiga. Nahodha Christiansen akaizamisha kwenye kina kifupi, Waingereza wakadhani imekwisha. Wajerumani wakaja na wazamiaji wakatoa mzigo.

Tatizo: risasi zimelowa maji ya bahari. Mwanzoni zilionekana nzima, lakini kadiri siku zilivyopita baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi zilizokataa kulia zikaongezeka. Lettow-Vorbeck ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake kwamba hapakuwa na njia ila kuzifungua zote, kusafisha baruti, na kubadilisha baadhi ya fataki. Fataki walizozipata hapa koloni zilikuwa za namna nyingine. Miezi kadhaa mafundi chuma wote waliopatikana walikaa mji wa Moshi, ile Moshi Mpya ya stesheni, wakifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Jinsi walivyozigawa ndiyo iliyonivutia. Ambazo hazikuharibika ziliwekewa bombomu (bunduki za rashasha) peke yake. Zilizotengenezwa upya, zile ambazo katika 100 hukataa kama 20, zikawa za vita. Zinazokataa zaidi ya hapo, za mazoezi ya askari.

Kapuku wa Texas

Kumbe! Asilimia 20 za kukataa na wanakwenda nazo vitani?

Mwana wa Chongoleani

Ndiyo hali iliyokuwepo, bahari imefungwa na Waingereza. Tena kumbuka askari wengi mwanzoni walikuwa na bunduki za modeli ya 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila akipiga, wingu la moshi linamwonyesha alipo. Risasi ya kisasa inayokataa moja kwa tano bado ilikuwa afadhali.

Mzee wa Mizani

Asante kwa hili. Hiyo ya bombomu ina sababu ya kifundi. Bombomu ya Maxim inajisogeza yenyewe kwa nguvu ya risasi iliyolia. Moja ikikataa, bunduki nzima imesimama mpaka mtu avute kwa mkono. Raifo ya kawaida unatoa tu na kuweka nyingine.

Lakini Swala, usichukue huo kuwa mfano wa sanduku lako. Wale hawakuwa na duka la kwenda. Na risasi iliyokataa ina hatari mbili ambazo mwindaji lazima azijue. Moja ni ile inayochelewa: umevuta, kimya, kisha inalia. Kwa hiyo mtutu uendelee kuelekea unakolenga, subiri sekunde 30 au zaidi ndipo ufungue. Ya pili ni ile inayolia kinyonge, "puf" badala ya "paa". Hapo acha kila kitu. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake unaweza kupasua bunduki usoni. Toa risasi zote, chungulia mtutu una mwanga upande wa pili. Baruti ya zamani yenye unyevu inapenda sana kufanya hiyo ya pili.

Swala wa Kaskazini

Mrejesho. Nimefungua IMR 4895 nje: harufu ya spiriti kabisa, punje zimetengana, bati ndani linang'aa. Anwani haina zipu. Hercules 2400 harufu nzuri pia ila nimekubali ushauri, imekwenda kwenye nyasi pamoja na ile ya chupa. Ya chupa ilikuwa na vumbi jekundu chini, sikuliona kabla sijamimina.

Bado maganda.

Fundi Kengele

Maganda niachieni mimi, naokota na kukusanya.

Mhuri wa kitakoni ndio cheti cha kuzaliwa. FA ni Frankford Arsenal ya Philadelphia, 42 ni mwaka. LC ni Lake City, Missouri, kiwanda kilichoanza 1941 na kinaendelea mpaka leo. TW ni cha nyumbani kwako kabisa, Twin Cities, pale kaskazini ya Minneapolis, kilijengwa kwa ajili ya vita. Na hiyo "4" peke yake siyo namba ya bechi, ni mwaka 1944. Viwanda kadhaa vya Marekani viliandika mwaka huo hivyo.

FA 42 na TW 4 zilitoka kiwandani na fataki zenye kloreti ya potasiamu. Ikiungua inaacha chumvi, chumvi inavuta unyevu, mtutu unakula kutu usiku mmoja. Kwako wewe mwenye maganda matupu hiyo siyo shida tena, yaoshe kwa maji ya moto na sabuni, chumvi inayeyuka kwa maji, mafuta ya bunduki hayaitoi. Zebaki ndiyo ingekuwa kesi, maana fataki za zamani sana zenye zebaki zinaifanya shaba ya ganda iwe dhaifu na kupasuka, lakini za jeshi za miaka hiyo hazikuwa nayo. LC 54 ni ya baada ya Lake City kuhama kwenda kwenye fataki safi, zisizoleta kutu.

Yote ya jeshi yana fataki zilizobanwa pembeni, utalazimika kukwangua ule ukingo kabla ya kuingiza mpya. Na shaba yake mara nyingi ni nene kuliko ya biashara, nafasi ya ndani ni ndogo, kwa hiyo kipimo cha baruti kishuke. Chunguza shingo kwa lenzi. Ganda lenye ufa wa urefu au madoa ya kijani kutoka ndani, libonyeze kwa koleo ulitupe ili mtu mwingine asiliokote.

EC 43 ni kituko kizuri. Weka sumaku: itanasa. Hayo ni ya chuma, yalitengenezwa na Chrysler, watu wa magari, huko Evansville, Indiana, wakati shaba inatafutwa kwa tochi. Weka kabatini, usijaze.

Mmanga wa Maskati

Salaam alaykum jamani. Nami niko Maskati, babu aliacha bunduki ya .303 na risasi ndani ya kisanduku. Ganda moja tupu nikichungulia ndani naona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja. Limeharibika?

Fundi Kengele

Alaykum salaam. Halijaharibika, ni mfumo wa Berdan, vitundu viwili na kisiki katikati. Huwezi kuitoa fataki yake kwa sindano ya kawaida ya presi. Cha kuchekesha ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukapendwa Ulaya, Boxer alikuwa kanali wa Kiingereza na mfumo wake wa kitundu kimoja ndio Wamarekani wanautumia mpaka leo.

Soma kitako: R na L zenye mshale katikati ni kiwanda cha serikali Woolwich, K ni Kynoch. VII ni muundo uliopitishwa 1910. Ukiona herufi Z baada ya VII, ndani mna nitroselulosi. Bila Z, ndani mna kordaiti, nyuzi ndefu kama tambi. Lakini usizifungue kuhakikisha. Risasi za babu zipeleke polisi au muulize anayesimamia leseni ya hiyo bunduki, ganda tupu baki nalo.

Mwindaji wa Katavi

Swali la pembeni. Baba alikuwa na gobore la leseni, na baruti nyeusi kwenye pembe tangu zamani. Nayo inaoza?

Mzee wa Mizani

Baruti nyeusi ni chumvi ya shura, salfa na mkaa. Ikikaa kavu haiozi kwa namna ile, inaweza kupita vizazi. Lakini inawaka kwa cheche ndogo sana, kwa hiyo hiyo pembe isikae nyumbani wala usiitikise, itoe kwa polisi waliotoa leseni. Na jambo moja kwa kila mwenye gobore: baruti isiyo na moshi isiingie humo hata kijiko. Mtutu wa gobore hautengenezewi shinikizo hilo. Utapasuka.

Swala wa Kaskazini

Presi ya Herter's je? Kishikio cha ganda kilichokuja nayo hakifanani na vya madukani.

Mzee wa Mizani

Hiyo ni ya kwenu huko huko, Herter's walikuwa Waseca, Minnesota, wakiuza kwa katalogi zilizojaa majigambo, kila kitu chao ndicho bora duniani. Walifilisika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chuma chake hakina mfano, tatizo ni vishikio, walitengeneza vyao wenyewe. Kuna watu wanauza kipande cha kubadilishia ili uweke vya kawaida, tafuta kwanza kabla hujaiuza. Kalibu zenye uzi wa skrubu wa 7/8-14 zitaingia bila tatizo.

Fundi Kengele

Na mkebe wa DuPont ukiisha usiutupe wala usiusugue lebo. Mikebe mitupu ya DuPont na Hercules ina wakusanyaji wake, wengine wanalipa zaidi ya bei ya baruti iliyokuwa ndani. Boksi za fataki zenye vibao vya mbao pia. Piga picha ya lebo pande zote, niandikie pembeni.